Shamba lake sasa linalimwa na nani?

Mabango ya kutangaza filamu yalikuwa arobaini. Niliyachapisha kwenye duka la fotokopi Mariakani, karatasi ya njano, wino mweusi, na juu kabisa nikaweka neno moja kwa herufi zinazosomeka kutoka ng'ambo ya barabara: UCHAWI. Chini yake, kwa herufi ndogo, saa na mahali, na maneno "kiingilio bure". Nikajiona fundi wa matangazo. Vijana wawili walioitengeneza filamu hiyo walinikabidhi kazi ya kuitembeza kwa sababu moja tu, kwamba mimi ndiye niliyekuwa na projekta.

Ukumbi ulijaa hadi madirishani. Walikuja vijana wa boda, walikuja walevi waliotoka mangweni, walikuja watoto ambao saa ile walipaswa kuwa kitandani. Filamu ilikuwa ya dakika 26 na haikuwa na mchawi hata mmoja. Ilikuwa na wazee watatu wa kaunti yetu ya Kilifi waliokimbia makwao baada ya kusingiziwa utsai, kama Wagiriama wanavyouita uchawi. Walizungumza polepole, mmoja akimenya muhogo, mwingine akinyamaza kwa muda mrefu kuliko watazamaji walivyoweza kuvumilia. Kufikia katikati wengi walishatoka nje. Taa zilipowaka nikashika maikrofoni, nikauliza nani ana neno. Kijana mmoja akainua mkono kwa adabu kabisa, akasema, "Tumeshukuru. Sasa tutajieni wa hapa kwetu."

Mzee mmoja tu alikuwa amekuja. Aliketi safu ya nyuma karibu na mlango, na nywele zake zilikuwa nyeusi ti kwa umri ule. Mtu wa huku haulizi kwa nini. Mvi zilizokuwa taji la mzee zimegeuka hati ya mashtaka, na wapo wanaonunua rangi ya nywele kabla ya kununua sukari. Nilipomtafuta kwa macho baada ya swali lile, kiti kilikuwa kitupu.

Vijana wanaotengeneza filamu za namna hii, za imani na jamii na haki, wasio na kituo cha televisheni nyuma yao wala tajiri, huniuliza mara kwa mara: tutazitangazaje? Kila nikiulizwa nakumbuka bango langu la njano. Lilifanya kazi yake sawasawa. Liliwaita watu, na watu wakaja, na usiku ule mzee mmoja alikwenda kulala akiwa na hofu zaidi kuliko alivyoamka nayo.

Hata jina la kitu chenyewe hatujakubaliana. Kwenye televisheni husema makala. Vitabuni ni filamu ya hali halisi. Vijijini ninakopita nimewasikia akina mama wakisema sinema ya kweli, na mimi nimelichukua hilo, ingawa lina deni ndani yake. Ukishatamka "ya kweli", mtu ana haki ya kukusimamisha akuulize kweli ya nani.

Na swali hilo si la leo. Mwaka 1935, Vugiri kwenye milima ya Usambara, palipigwa kambi ya mradi ulioitwa Bantu Educational Kinema Experiment, yaani jaribio la kuwafundisha Waafrika kwa sinema, chini ya Waingereza wawili, Meja Notcutt na Bwana Latham. Nyuma yake lilisimama Baraza la Kimataifa la Wamisionari, na fedha nyingi zilitoka Carnegie Corporation ya Marekani. Katika miaka miwili hivi walitengeneza filamu fupi zipatazo 35. Lori likazunguka nazo Tanganyika, Kenya, Uganda, likafika hadi Nyasaland na Rodesia ya Kaskazini, limebeba mashine, kitambaa, na sauti zilizorekodiwa kwenye santuri kwa lugha za wenyeji. Filamu moja ilihusu safura. Nyingine ilihusu benki ya akiba ya posta: mtu anazika pesa zake ardhini, mwizi anazifukua, na mwenziwe aliyezipeleka benki anastarehe.

Nikiisoma habari ile huona haya kidogo, maana lori lile nalijua. Mimi pia nilifika kijijini na somo langu likiwa tayari ndani ya mkoba, nikitaka watu waketi, watazame, waelewe, waache ujinga. Tofauti yetu ni kwamba wao walikuwa na bajeti. Hilo la benki ya posta hunichekesha hasa, kwa sababu sijui mzee hata mmoja huku kwetu aliyepoteza mali kwa kuizika. Nawajua wengi waliopoteza mashamba kwa makaratasi.

Mfano mwingine uko ng'ambo ya mpaka, na ndugu zangu wa Mwanza hawajausahau. Hubert Sauper, mtengenezaji filamu kutoka Austria, alitoa mwaka 2004 filamu ya Darwin's Nightmare, kuhusu sangara wa Ziwa Victoria, minofu inayopaa kwenda Ulaya, na watu wanaobaki na mapanki, yale mafupa na vichwa. Ulaya iliisifu, na mwaka 2006 ikafika kwenye kinyang'anyiro cha Oscar. Mwaka huohuo Rais Kikwete akaikemea hadharani, Mwanza kukawa na maandamano ya kuipinga, na Watanzania wakaipa jina lao wenyewe: filamu ya mapanki. Watu wengi waliisikia kwenye hotuba kabla ya kuiona kwenye kioo. Sitaki kuingia kwenye ugomvi wa nani alisema kweli kuhusu dai la filamu kwamba ndege za kubeba minofu zilileta silaha. Kinachonikaa kooni ni mpangilio wa safari: Venice, Paris, Los Angeles, na mwisho, kama fununu, Mwanza. Wavuvi na mama waliokuwa wakikaanga vichwa vya samaki walijadiliwa duniani kote kabla ya mtu kuweka kitambaa ukutani na kuwaambia, karibuni, hii ni yenu, mwasemaje?

Kwa miaka mingi nilidhani basi dawa ni rahisi: filamu irudi nyumbani kwanza. Nilifundishwa vinginevyo na mmoja wa wale wazee watatu wetu. Yeye ndiye aliyekuwa akimenya muhogo. Nilipomwendea kumweleza kwamba safari hii tunataka kuipeleka filamu vijijini, karibu na kwao, akaweka kisu chini. "Waonyesheni Nairobi," akasema. "Waonyesheni Wazungu. Huko kwetu, mwanangu, msinipeleke." Alikuwa ametukubalia kupigwa picha, na karatasi alitia kidole gumba. Lakini alipotia kidole alikuwa akiwaza watu wa mbali, na sisi hatukumwuliza.

Tukamtoa. Dakika 26 zikawa 19. Watengenezaji waliumia, kwa sababu muhogo ule ulikuwa picha nzuri kuliko zote, na mmoja alininunia mwezi mzima. Sasa kuna nakala mbili, ya mbali na ya karibu, na ile ya mbali haiwekwi kwenye simu ya mtu yeyote. Mtu akiniambia "nitumie kwa WhatsApp niitazame kwanza", namwambia nitakuja na laptopu yangu, tutaitazama pamoja. Huonekana kama maringo. Lakini klipu ya sekunde 30 ikishakatwa na kurushwa kwenye makundi, uso wa mzee ukiwa na maneno mapya chini yake, hakuna bodi wala mahakama itakayoirudisha.

Nilikuwa nimeitazama The Letter ya Maia Lekow na Christopher King, iliyoonyeshwa mara ya kwanza kwenye IDFA, tamasha la filamu za hali halisi la Amsterdam, mwaka 2019, kisha Kenya ikaiteua kuiwakilisha kwenye Oscar. Ni pwani yetu hii: kijana anayeishi mjini anasikia kwamba nyanya yake anatuhumiwa uchawi, anarudi nyumbani kujua nani anasema na kwa nini. Nilichokipenda ni kwamba imekaa ndani ya ukoo. Hakuna mtaalamu anayesimama mbele ya rafu ya vitabu kutueleza sisi ni watu gani. Wanaotuhumu na anayetuhumiwa wanakula chungu kimoja, wanasali, wanaimba, wanazikana. Ukiitazama ukiwa mtu wa Kilifi huwezi kupumzika kwa kusema "wale". Na polepole, bila mtu kupigiwa kelele, ardhi inajitokeza nyuma ya maneno ya dini.

Kuna filamu nyingine niliyojifunza kwayo namna ya kusafiri, ingawa kwa kutazama tu si kitu cha ajabu. Mtu wa sinema atakwambia ni ya kawaida. Inaitwa The Imam and the Pastor, ya mwaka 2006, kuhusu Imamu Muhammad Ashafa na Pasta James Wuye wa Kaduna, Nigeria. Hawa walikuwa mahasimu waliokuwa na vijana wenye silaha kila upande. Katika mapigano ya mwaka 1992 pasta alipoteza mkono wa kulia, na imamu alipoteza mwalimu wake wa dini na binamu zake wawili. Mwaka 1995 wakakutanishwa, na baada ya muda mrefu wa kutoaminiana wakaanza kufanya kazi ya usuluhishi pamoja. Filamu ilipozunguka, mara nyingi wao wenyewe walikuwa nayo. Baada ya ghasia zetu za uchaguzi wa 2007, ambamo Tume ya Waki iliyozichunguza ilihesabu vifo 1,133, walikuja hadi Burnt Forest, Uasin Gishu, kuwaketisha Wakalenjin na Wakikuyu, na kazi hiyo nayo ikawa filamu, An African Answer, ya mwaka 2010. Fikiria umeketi kwenye benchi, unatazama mtu asiye na mkono akieleza alivyotaka kulipiza kisasi, taa zinawaka, na mtu yuleyule ameketi safu ya mbele, unaweza kumwuliza. Hakuna bango litakaloshinda hilo.

Sisi hatukuwa na imamu wala pasta wa Kaduna. Tulikuwa na trela ya dakika moja na nusu kwenye intaneti, ambayo ilitazamwa zaidi na watu wa Nairobi na wa Ghuba kuliko na mtu yeyote wa Kilifi. Nilikuwa nimeshaanza kuidharau. Ndipo usiku mmoja ikaja sauti kwenye simu, ya binti wa kwetu anayefanya kazi za ndani huko Ghuba. Alinong'ona, nadhani wenye nyumba walikuwa wamelala. Alisema ameona trela, na kwamba mama yake yuko peke yake bara huko, na majirani wameanza maneno. Hakuomba pesa. Alisema, "Nendeni mkamsalimie. Mkipenda muonyeshe kwake, uwanja ni mkubwa."

Kwa hiyo naikiri trela. Lakini tazama ilivyofanya kazi: ilizunguka bahari nzima ili ifike kilomita chache kutoka nyumbani kwangu.

Nilikwenda mara tatu kabla ya kuonyesha kitu. Mara ya kwanza bila projekta, bila filamu, na kilo mbili za sukari. Mama yule, ambaye kijiji kizima kinamwita Hawe, yaani nyanya, alinikaribisha kwenye jamvi, akaniuliza habari za wazazi wangu hadi kizazi cha tatu, akanipa chai ya mkandaa, na hakusema lolote kuhusu majirani. Mara ya pili nilikwenda na laptopu. Kulikuwa na pasta wa kanisa lililo kando ya barabara na ustadhi wa madrasa, nilioomba waje pamoja kwa makusudi, ili asije mmoja akasikia kwamba mwenziwe ametangulia. Kila mmoja alikuwa na sharti. Ustadhi alitaka kujua kama filamu ina muziki. Pasta alitaka, filamu ikiisha, apewe nafasi ya kuombea watu watokwe na mapepo, na sadaka ipitishwe. Nilimjibu ustadhi kwamba ina ngoma ya mazishi ya dakika moja, akafikiri, akasema ya mazishi sawa. Pasta nilimwomba radhi.

Tukatazama. Na nilipozima, wakaanza pale ambapo mazungumzo haya huanza siku zote, na siku zote huzama. Pasta alisema uchawi upo, na akataja Kutoka 22:18, "Usimwache mwanamke mchawi kuishi." Ustadhi akasema hata Qurani inautaja, katika Al-Baqara, habari za Haruti na Maruti. Wakakubaliana vizuri sana. Nilikuwa nimejiandaa na sheria: kwamba Kenya ina Sheria ya Uchawi tangu 1925, na kwamba humo humo anayemtuhumu mwenziwe uchawi ovyo, bila kupeleka neno lake kwa wenye mamlaka, naye ana kosa. Nilitaka kuwaambia habari za Usukumani, ambako vikongwe waliuawa kwa kuwa na macho mekundu, na macho yenyewe yalifanywa mekundu na moshi wa kupikia kwa kinyesi cha ng'ombe. Nilikuwa na mengi. Nilikuwa, kwa ufupi, lile lori la Vugiri.

Hawe alikuwa pembeni akipura kunde, tukidhani hatazami. Akasema, bila kuinua kichwa, "Huyo mzee wa kwanza. Shamba lake sasa linalimwa na nani?"

Pasta akanyamaza. Ustadhi akanitazama mimi, kama kwamba jibu liko kwenye laptopu. Lilikuwepo kweli: kwenye dakika ya kumi na moja mtu anapita nyuma ya mzee akiendesha plau, na sisi tuliokuwa tumeitazama filamu ile mara mia tulidhani ni mandhari tu.

Tangu siku ile sijauliza tena watu kama uchawi upo. Anayeamini hatakoma kuamini kwa sababu mimi nimekuja na jenereta, na asiyeamini haji na msalaba wala tasbihi yake ili nimpongeze. Swali la Hawe lina nguvu kwa sababu halimgusi Mungu wa mtu. Linamgusa mpwa, mtoto wa kaka, dalali wa ploti, na kila mmoja anaweza kulijibu kwa kunyoosha kidole upande wa mtoni.

Niseme kidogo ya vifaa, kwa wanaotaka kujaribu. Sauti ni muhimu kuliko picha. Kitambaa kikififia watu huvumilia, lakini spika ikikoroma huondoka. Kwa sheria ya filamu, Sura ya 222, filamu ya kuonyeshwa hadharani inatakiwa ipite kwanza kwenye bodi ya kuainisha, kwa hiyo fanyeni mapema, na barua ya kwenda kwa chifu ibebeni mkononi, msiitume. Chagueni usiku wa mwezi mpevu. Mafundi watawaambia mwezi unaharibu picha, na ni kweli, lakini wazee hurudi makwao bila tochi na bila woga, na bila wazee mnafanya nini huko? Ramadhani msiende. Msimu wa kupalilia msiende. Siku iliyo bora ni jumwa, ile siku ya wiki ya Kigiriama ambayo jembe hupumzika.

Maandishi ya chini ya picha ni kwa ajili ya matamasha. Zanzibar, kwenye Ngome Kongwe, yanakaa vizuri mbele ya wageni, na hata watu wa ZIFF wenyewe, tamasha la filamu la huko, walipozipeleka filamu mashamba Unguja na Pemba, walijua kwamba watazamaji wa vijijini hawaji kusoma. Sisi tunatumia msimulizi, kama ilivyo kwenye vibanda vya video tulivyokulia, ambako DJ Afro hukugeuzia filamu ya Kihindi ukadhani imetengenezwa Gikomba, Nairobi. Msimulizi wetu ni kijana wa kwaya anayejua Kigiriama cha wazee. Nilimsihi asiongeze chumvi. Aliongeza, na mahali pawili aliiboresha filamu.

Na soda. Kreti mbili, maandazi, mafuta ya jenereta, boda mbili za kubebea vyombo, nauli ya msimulizi. Wafadhili hupenda kulipia kamera, na siku hizi hulipia hata kitu wanachokiita athari, mradi kiandikwe kwenye fomu kwa tarakimu. Sijawahi kuona fomu yenye mstari wa maandazi. Lakini mtu aliyetembea saa nzima kuja kutazama habari za kuuawa kwa watu wa rika lake hawezi kuachwa aondoke na tumbo tupu, hiyo si desturi yetu hata kwenye matanga.

Usiku wenyewe hapakuwa na bango. Hawe alipita nyumba kwa nyumba akisema wageni wa binti yake wamekuja na wana kitu cha kuonyesha. Walikuja watu sitini na kitu, wengi wakiwa wanawake, na wazee niliohesabu walikuwa kumi na wanne. Jenereta tuliiweka nyuma ya zizi la mbuzi. Kitambaa chetu cha kuonyeshea kilikuwa kimechanika njiani, kiliingia kwenye cheni ya pikipiki, na nilikuwa nimesimama nacho mkononi kama mjinga. Hawe akaingia ndani. Akatoka na bafta nyeupe, mpya kabisa, imekunjwa na kuwekewa udi, akasema, "Tumieni hii." Tukaipigilia kati ya mwembe na nguzo ya jiko, misumari minne. Iliupokea mwanga kuliko kitambaa chetu.

Baada ya filamu sikushika maikrofoni. Tulikubaliana ustadhi aulize na pasta afuate, na swali likawa ni lile la Hawe. Kimya kilikuwa kirefu. Mbuzi walisikika. Kisha mwanamke mmoja akasema, shamba la yule mzee wa kwanza analima mtoto wa nduguye, amemwona pale na plau. Mwingine akasema hapana, huyo ni kibarua, mwenyewe yuko mjini na shamba limeshakatwa ploti. Wakabishana kama wanaobishania mtu wanayemjua, na kweli walikuwa wameanza kumjua. Halafu mwanamume mmoja mtu mzima, aliyekuwa amesimama muda wote, akasema, "Na lile la kwetu, la pale chini?" Hakutaja jina. Hakuna aliyemwuliza lipi. Watu walitazama chini, na mtu mmoja akainuka kwenda zake, na safari hii hakuwa mzee.

Walizungumza hadi saa tano. Sitasema kijiji kimebadilika, sina kipimo cha hilo. Najua pasta alimsindikiza Hawe mbele ya watu wote hadi mlangoni, wakiongea habari za kunde, na kwamba Jumapili iliyofuata alihubiri juu ya shamba la Nabothi, lile ambalo mfalme alilitaka na mwenye shamba akasingiziwa hadi akapigwa mawe. Hilo mimi sikumtuma. Nilipoambiwa nilikwenda kulisoma upya, katika 1 Wafalme 21, na nikajiuliza nimekaaje miaka yote hii na filamu ya dakika 19 bila kujua kwamba imeshaandikwa.

Tulilala pale pale uani. Asubuhi, nikiwa nakunja waya, nikamwuliza msimulizi wetu kwa nini mzee kama yule ana bafta mpya ndani ya nyumba isiyo na pazia. Akanitazama kwa huruma. "Sanda," akasema. "Amejiwekea."

Niliing'oa polepole, nikaikung'uta, nikaikunja kama ilivyokuja, nikampelekea kwa mikono miwili. Hawe akaikunjua tena juani. Kulikuwa na vumbi, na doa la ukungu wa asubuhi, na kwenye pembe matundu ya misumari. Akayagusa kwa kidole moja baada ya jingine akihesabu: manne. Nikamwambia nisamehe, Hawe, sikujua, wiki ijayo nitakuletea nyingine mpya kutoka Mombasa.

"Niletee," akasema. "Na hii niachie vilevile. Mkirudi mtaonyeshea wapi?"